Yumo Ndani ya Wastani

Kwanza niweke jambo moja sawa, wenye vyeo wasije wakanielewa vibaya: naipenda nchi yangu. Jamhuri ya Peupe haina siri hata moja, na yeyote anayesema ina siri ni mzushi, maana nani kamwambia? Mimi naitwa Festo. Ni Afisa Taarifa wa Hospitali Kuu ya Taifa, dirisha la mbele kabisa, lenye bango kubwa la KARIBU UULIZE. Nimekaa dirishani hapo miaka mingi na sijawahi kumjibu mwananchi vibaya. Tuseme ukweli, sijawahi kumjibu. Kuuliza ni haki ya mwananchi na imeandikwa kwenye bango. Kujibiwa ni jambo jingine, na bango halikufika huko.

Uwazi wetu ulianza siku Mheshimiwa Waziri wa Afya na Mambo Yanayoonekana aliporudi kutoka ng'ambo. Huko alilala kwenye hoteli ya vioo, akaona raha. Akaagiza kuta zote za wodi zivunjwe, viwekwe vioo, ili taifa liwaone wagonjwa wake. Vikawekwa. Jamani, watu walisimama barabarani na karanga zao mkononi, wakiwatazama wagonjwa wanavyoogeshwa. Wagonjwa wakalalamika, hebu fikiria, mgonjwa mzima anapata nguvu ya kulalamika. Serikali sikivu ikasikia. Vioo vikapakwa rangi nyeupe ndani na nje, na juu ya rangi kukaandikwa kwa herufi nzuri: UKUTA HUU NI WA KIOO.

Baada ya hapo wageni wa kuja kuona wagonjwa wakapigwa marufuku, kwa sababu walikuwa wanasimama mbele ya vioo na kuziba mandhari. Chakula cha kutoka nyumbani kikaruhusiwa kuendelea, maana hospitali ilishasahau kupika. Kwa kubana matumizi, dirisha la kupokea vyombo likaunganishwa na langu. Ndiyo nikawa Afisa Taarifa na Vyombo. Asubuhi napokea hotpoti, chupa za uji na mabakuli, kila kimoja kimebandikwa plasta yenye jina. Toroli linavipeleka ndani. Mchana toroli linavirudisha, navigawa. Taarifa haikuwahi kupita kwenye dirisha lile, lakini vyombo vilipita bila tatizo.

Bi Sikudhani alikuja asubuhi ya manyunyu, kanga moja kichwani na nyingine begani. Mama wa makamo, mwembamba, ana sauti ya chini inayokufanya uinamie dirisha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Namuulizia mume wangu. Mzee Chande, fundi wa kushona viti. Alianguka kazini kwake jana, gari la wagonjwa likamchukua. Mimi nilikuwa sokoni. Nilikuta kiatu kimoja tu."

"Pole sana. Sasa mama, kwa mujibu wa Sheria ya Siri ya Mgonjwa, taarifa ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Mwenyewe akija hapa dirishani akaniuliza yuko wodi gani, anaendeleaje, nitamjibu mara moja."

"Lakini yeye ndiye mgonjwa."

"Ndiyo maana nasema ni mali yake."

Akanitazama. Watu wengi wakifika hapo hupiga kelele, na mimi huwa nimejiandaa kwa kelele. Yeye hakupiga.

"Na mimi hakuna ninachoruhusiwa kujua?"

"Kipo kingi sana! Kwa mujibu wa Sheria ya Uwazi, taarifa nyingine zote hupewa umma. Wewe ni umma?"

Akajitazama, kanga yake, kandambili zake. "Mimi ni Sikudhani," akasema.

"Unaona sasa. Uwe umma kwanza, mama, ndipo uje."

Nilidhani amekwenda nyumbani. Kumbe alikwenda kwenye mabenchi. Pale uani kwetu kuna mabenchi ya saruji, na watu huyakalia kutwa wakisubiri, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, hakuna anayemjua wa pembeni yake. Kila mtu na mtu wake ndani. Bi Sikudhani akapita akiwauliza mmoja mmoja: "Wewe una nani humu?" Basi hilo tu. Mwingine alikuwa hajaulizwa hivyo tangu afike, akaanza kulia kabla ya kujibu. Kufika adhuhuri wote walikuwa mbele ya dirisha langu, wamejaa mpaka getini.

"Umma ndio huu," akasema Bi Sikudhani.

Sikuwa na la kufanya ila kumwita Mkurugenzi Mkuu, Profesa Mwakitalu. Profesa ni msomi wa kweli, tai yake huwa imenyooka hata akiwa amekaa. Akatoka na kipaza sauti.

"Ndugu umma!" akasema. "Hospitali hii imetambua, inatambua, na itaendelea kutambua haki yenu ya kujua. Kwa niaba ya bodi, na kwa niaba yangu mwenyewe ambaye pia ni bodi, napenda kuwatangazieni rasmi, bila kuficha, kwamba hali ya wagonjwa wetu, kwa wastani, ni ya kuridhisha!"

Walinzi wakapiga makofi. Umma ukaona walinzi wanapiga, nao ukapiga.

"Na mume wangu, Profesa?" ikasikika ile sauti ya chini.

"Mumeo yumo ndani ya wastani, mama."

"Upande gani?"

"Wastani hauna upande. Huo ndio uzuri wake."

Tangu siku hiyo nikaongezewa kazi ya kutangaza wastani kila asubuhi kwa kipaza sauti. Ukiwa wa kuridhisha, nasema ni wa kuridhisha. Ukipanda, nasema kwa furaha umepanda, na watu wa mabenchi wanapiga makofi. Makofi yalikuwa sehemu ya utaratibu.

Sasa kilichoniudhi mimi ni kwamba Bi Sikudhani aliacha kuuliza. Kila asubuhi analeta hotpoti yake ya buluu, plasta imeandikwa CHANDE, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Mchana anachukua hotpoti, anaifungua, anachungulia, anatabasamu kidogo. Anatia vidole, anakula kitu, anafunga, anaondoka. Haulizi. Mimi nimewekwa pale niulizwe! Mtu asipouliza unabaki kama sanamu.

"Mama," nikamwambia siku moja, "mbona siku hizi huniulizi?"

"Nikuulize nini, baba, na mwenyewe ananiambia?"

"Nani?"

Akafungua hotpoti, akanisogezea. Chakula kilikuwa kimeliwa, lakini pembeni, limekusanywa vizuri kwa kijiko, lilikuwa limebaki tonge moja la ubwabwa.

"Tangu tuoane hajawahi kumaliza chakula changu," akasema. "Hata tulipokuwa na shida, hata kikiwa kidogo namna gani, anabakiza tonge moja. Anasema, hili la mpishi. Zamani tulidhani tutapata mtoto, lingekuwa la mtoto. Hatukujaliwa. Basi nalila mimi." Akalila mbele yangu, polepole. "Leo hajambo. Juzi alibakiza nusu nzima, nikajua hana hamu, nikamtilia ndimu. Jana aliacha ganda la ndimu juu ya tonge, limekaa kama kikofia. Ananichokoza, mzee yule."

Akacheka, macho yamejaa machozi. Mimi nikajifanya natafuta kalamu. Nikirudi nyumbani huwa najipikia ugali wa mtu mmoja, nala, naosha sufuria, nalala, na sufuria ile haijawahi kuniambia kitu.

Mambo yangeendelea hivyo kama isingekuwa Sikukuu ya Uwazi. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe, na kamera, na ngoma, na keki yenye umbo la dirisha langu. Akasema anataka kuzungumza na mwananchi wa kawaida, asiyeandaliwa. Wananchi wa kawaida walioandaliwa walikuwa wamepangwa mstari wa mbele, sare mpya, lakini Mheshimiwa ni mtu wa watu, akawapita akaenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Mama yangu! Je, unapata taarifa za mgonjwa wako?"

"Napata, Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani. "Kila siku."

Loo! Makofi hayo! Profesa Mwakitalu alifuta machozi. Mheshimiwa akageukia kamera, akasema, "Mmesikia wenyewe, wapinzani wa maendeleo!" Kisha akamrudia Bi Sikudhani na swali ambalo hakuna aliyemwandikia, na nafikiri hata yeye alilijutia. "Unazipata kwa njia gani, mama?"

Naye, kwa kuwa hajui kudanganya, akafungua hotpoti akaeleza yote, tonge, nusu, ndimu, kikofia. Alieleza kwa furaha, maana hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza habari za mumewe. Ngoma zikanyamaza. Kamera zikageuzwa kuelekea kwenye keki.

Kesho yake likatoka agizo. Imegundulika kwamba taarifa za wagonjwa zimekuwa zikivuja kupitia mabaki ya chakula, kinyume cha Sheria ya Siri ya Mgonjwa. Kwa hiyo kila chombo, kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, kimwagwe mabaki, kioshwe kwa sabuni, kikaushwe, kisibakie na maoni yoyote. Akina mama wa jikoni, ambao walikuwa hawana kazi tangu hospitali isahau kupika, wakarudishwa kazini waoshe vyombo. Ajira zikaongezeka. Agizo zuri, mtu asiseme.

Mchana ule Bi Sikudhani akafungua hotpoti yake. Iling'aa. Akainusa, ikanuka sabuni. Akaigeuza juu chini, akaipapasa ndani kwa kidole, pembe zote.

"Festo," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita jina, "wamemziba mdomo."

Akaondoka bila kufunga mfuniko.

Lakini asubuhi alirudi na chakula, na siku iliyofuata, na nyingine. Akaanza kuniuliza tena. Anaendeleaje? Amekula? Nikawa nampa ile ya taarifa ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa, naye anaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimepata nilichotaka, kuulizwa, na haki ya nani sikukifurahia. Alikonda. Watu wa mabenchi nao walikuwa wamerudia kupeana migongo.

Ndipo ikaja asubuhi ya wastani kupanda. Nilikuwa nimeshapokea vyombo, toroli limeshaingia ndani. Nikaletewa karatasi kutoka ofisi ya Profesa, nikawasha kipaza sauti, nikasoma kwa bashasha zote: "Ndugu umma! Tangu jana usiku, wastani wa hali ya wagonjwa wetu umepanda, kutoka wa kuridhisha hadi wa kuridhisha sana!"

Makofi. Bi Sikudhani hakupiga. Akaja dirishani.

"Unapandaje huo, baba?"

Hilo nililijua, tulifundishwa kwenye semina. "Unapanda kwa njia mbili, mama. Ama mgonjwa mahututi amepata nafuu. Au yule aliyekuwa anauvuta chini hayumo tena kwenye hesabu."

"Hayumo namna gani?"

Nikaikunja ile karatasi. Kipaza sauti nilikuwa sijakizima. Uani pote makofi yakakatika.

"Na safari hii ni ipi kati ya mbili?" akauliza.

"Hiyo sasa ni taarifa ya mgonjwa."

Watu wakaanza kutazamana. Walikuwa wamempigia makofi mtu aliyekufa, na kila mmoja hajui kama ni wake. Kijana mmoja aliyekuwa na mama yake ndani akaangalia viganja vyake, akavifuta kwenye suruali. Bi Sikudhani akarudi mahali pake, akatandika mkeka wa kukalia aliokuwa anakuja nao, akajifunika kanga kichwani, akakaa chini, miguu kanyoosha, kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Mama, umeambiwa ni wako?" mtu akamuuliza.

"Sijaambiwa. Wewe umeambiwa si wako?"

Yule mtu akavua kofia, akakaa. Wa pili akakaa. Kufumba na kufumbua ua mzima ulikuwa matanga, mikeka imetandikwa, wanawake huku, wanaume kule, wengine wakilia kwa sauti, wengine wakiombana radhi. Mlinzi wa getini akaweka rungu lake chini akaanza kupokea salamu za pole, maana msiba usio na mwenyewe unahitaji mtu wa kupokea. Akina mama wa jikoni wakasikia kilio. Sasa hawa ni akina mama wa kwetu, na mwanamke wa kwetu hawezi kusikia kilio jirani akaendelea kuosha vyombo. Wakafuta sabuni mikononi, wakajitanda, wakaja wakakaa.

Profesa Mwakitalu akatoka mbio. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona tai yake imepinda.

"Mnamlilia nani? Nani amewapa taarifa ya msiba?"

"Wewe, baba," akasema Bi Sikudhani, "kwa kipaza sauti."

"Mimi nimetangaza wastani!"

"Na sisi tunamlilia huyo huyo wa wastani."

"Lakini haiwezekani awe wa kwenu nyote!"

"Ni kweli. Basi tuambie si wa nani, tutainuka mmoja mmoja."

Profesa akaivuta tai yake. Akatazama umma wote ule kwenye mikeka, akamtazama mlinzi anayepewa pole, na nadhani aliona kwamba jibu lolote atakalotoa litakuwa jibu. Akageuka akaingia ofisini, akajifungia.

Kabla ya saa ya vyombo nikaletewa karatasi nyingine. Nikasoma. "Ndugu umma, kutokana na hitilafu ya kibinadamu, tangazo la asubuhi limefutwa. Wastani umerudi ulipokuwa, na hesabu imerudi kamili. Kwa hiyo hakuna msiba. Tawanyikeni mkasubiri."

Hapo ndipo toroli likatoka. Likaja moja kwa moja kutoka wodini, kwa sababu jikoni hakukuwa na mtu. Vyombo havikuoshwa.

Sikumwambia mtu. Nilivipanga tu dirishani, na harufu ya vyakula ikawaambia. Jamani, walivyovamia! Kila mtu akafungua chake. Mmoja akakuta mfupa umetafunwa, akaubusu. Mwingine chupa yake ya uji imekauka, akapiga yowe la furaha, "Kanywa! Mama yangu kanywa wote!" Ikawa vigelegele, watu wanakumbatiana, wanaonyeshana mabakuli yaliyochafuka kama wanaonyeshana watoto wachanga. Hakuna aliyekufa! Serikali ilisema kweli! Wakaanza kukunja mikeka.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye wake, hotpoti ya buluu mapajani, mfuniko kashika mkononi. Binti mmoja aliyekaa jirani yake akachungulia ndani. Ubwabwa uliliwa wote. Uliliwa mpaka pembeni, mpaka kwenye kona, na michirizi ya vidole ilionekana chini alipokombeleza aliyekula.

"Bibi, hongera!" yule binti akamkumbatia. "Mzee kapona! Kamaliza chote!"

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Sikudhani.

Wote wakampongeza. Wengine walimshika mkono, wakamwambia Mungu mkubwa. Aliwaitikia wote. Kisha wakarudi kwenye mabenchi yao na ua ukabaki mweupe, na katikati mkeka mmoja.

Nikatoka kwenye chumba changu. Sijui nilitokaje, hairuhusiwi. Nikasimama mbele yake.

"Mama, mkeka unatakiwa ukunjwe. Hakuna msiba."

"Nataka kumzika, Festo."

"Hakuna aliyefariki, mama. Hesabu imerudi kamili."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama anayemkubalia mtoto. "Basi niachie mkeka huu mpaka jioni," akasema. Nikamwachia. Akakaa tanga la mumewe peke yake, mchana kweupe, mbele ya ukuta wa kioo, watu wakipita na kumpungia kwa furaha.

Nilidhani sitamwona tena. Asubuhi akaja. Hotpoti ileile, moto. Plasta ilikuwa imebanduliwa, imebaki alama ya gundi.

"Jina, mama?" nikauliza, maana ndio utaratibu.

"Sina jina. Mpe yule aliyekula jana. Ana njaa huyo, alikombeleza kwa vidole. Hana wa kumletea."

"Hatuwezi kumjua ni nani. Hiyo ni taarifa ya..."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikukuuliza."

Nikaiweka kwenye toroli, mahali ilipokuwa inakaa siku zote. Nikatangaza wastani. Ulikuwa wa kuridhisha. Mchana hotpoti ikarudi, imeoshwa, inanuka sabuni, akina mama wa jikoni walishapewa onyo. Nikampa kwa mikono miwili. Akaifungua akachungulia, kwa mazoea, akaifunga. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akarudi, akaegemea dirisha.

"Na wewe, Festo," akauliza, "mchana unakula wapi?"

Miaka yote hiyo chini ya lile bango, hilo lilikuwa swali la kwanza lililonihusu mimi, na jibu lake nilikuwa nalo.